Karibuni Mtusikie: Kuandaa Siku ya Wageni ya Kikundi cha Kujifunza Kusema Hadharani

Akina mama wenzetu, watu husema kwamba wanawake wanapenda kuzungumza. Ni kweli, tunazungumza. Kisimani tunazungumza, sokoni tunazungumza tena kwa sauti, na shambani maneno hayakatiki mpaka jua linapokuwa kali. Lakini je, mkutano wa kijiji unapoitishwa, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja, ni wangapi kati yetu husimama? Wengi hutazama chini na kuchora mchanga kwa kidole. Mkutano unapokwisha na tukiwa njiani kurudi nyumbani, hapo ndipo hoja zote hutoka, nzuri na zenye maana, wakati hakuna tena wa kuziandika.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunauona ukimya huo hata zahanatini. Mama ametembea kilometa kadhaa na mtoto mgongoni. Anajua homa ilianza lini, anajua mtoto ameharisha mara ngapi, na anajua kwamba tangu alfajiri hajanyonya. Lakini akifika mbele ya mganga anasema maneno mawili tu: “Ana homa.” Yale mengine anabaki nayo moyoni, na mengine hayo ndiyo yangemsaidia mganga kutambua ugonjwa mapema. Kusema vizuri mbele ya watu, basi, si mapambo ya wanasiasa. Ni jambo linalogusa afya ya watoto wetu, mashamba yetu na amani ya nyumba zetu.

Ndiyo maana katika kurasa hizi tunapenda kueleza jinsi kikundi cha akina mama kinavyoweza kujifunza kusema hadharani, na hasa jinsi ya kuandaa siku moja maalumu ya kuwakaribisha wengine waje kuona na kusikia. Tunaiita Siku ya Wageni.

KITI PEKEE HAKISEMI

Sheria za nchi yetu zimetutengea nafasi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke sawasawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeagiza kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao 3 wawe wanawake. Baraza hilo haliwezi hata kukaa kusikiliza shauri kama hawapo wajumbe 4, na 2 kati yao ni lazima wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo imeondoa nguvu ya mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu tu ni mwanamke.

Hayo ni mambo makubwa. Lakini kiti pekee hakisemi. Mjane anaponyang'anywa shamba na shemeji zake, anahitaji mjumbe atakayeuliza: mipaka ilionyeshwa na nani? Nani alikuwa shahidi? Je, watoto watakula wapi? Kama wale wanawake watatu wamekaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, yule mjane atarudi nyumbani mikono mitupu, ingawa sheria ilitimizwa kwa hesabu.

Katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 27, tunasoma habari za binti za Selofehadi. Walikuwa watano. Baba yao alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, na urithi wake ulikuwa karibu kupotea. Dada hao walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mbele ya mkutano wote, wakaeleza shauri lao kwa mpango: nini kilitokea, kwa nini si haki, na wanaomba nini. Walipewa haki yao, na sheria ikawekwa kwa ajili ya wengine waliokuja baadaye. Tazameni jinsi hotuba yao ilivyokuwa fupi. Hawakulia wala hawakutukana mtu.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Sisi tunaoishi hapa Mwitongo, Butiama, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyejifunza kusema. Hapa ndipo nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere. Hapa ndipo yalipo makaburi ya wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mugaya, na hapa ndipo yeye mwenyewe alipozikwa Oktoba 1999. Wageni huja kutoka kila pembe kuona makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo. Wengi huondoka wakiamini kwamba Mwalimu alizaliwa na ulimi wa dhahabu.

Lakini maisha yake yanaonyesha kwamba alijizoeza. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Alipokuwa Tabora alishiriki sana katika chama cha midahalo cha shule. Huko mwanafunzi husimama, akatetea upande mmoja, akapingwa, akajibu, kisha akakaa. Alipokuwa Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha iliyopata tuzo, na ndani yake alichukua hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu haki za wanawake, akazitumia kutazama hali ya wanawake katika makabila ya kwetu. Kisha alikuwa mwalimu wa darasani, na kila mwalimu anajua kwamba darasa ni mahali pa kujifunza kusema kila siku. Kwa hiyo aliposimama New York mwezi Machi 1955 mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika, hiyo haikuwa siku yake ya kwanza kusimama. Nyuma yake ilikuwapo miaka mingi ya mazoezi.

Tunaye na mwanamke wa kumtaja. Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam alikuwa akijulikana kwa kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU. Hakuwa na shahada wala elimu kubwa ya darasani. Alianza na watu aliowafahamu, yaani wanawake wa vikundi vya ngoma, akaenda kwao, akawaeleza kwa lugha yao. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamejiunga. Aliyezoea kuongoza wimbo mbele ya watu alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya msemaji: kusimama, kutoa sauti, kusubiri watu waitikie. Je, ni wangapi kati yetu wanaongoza nyimbo kwaya lakini husema kwamba hawawezi kutoa hoja mkutanoni?

VIKUNDI VYA KUJIFUNZA KUSEMA VILIANZAJE?

Mwaka 1924, tarehe 22 Oktoba, Mmarekani aitwaye Ralph Smedley aliwakusanya watu katika chumba cha chini ya jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, katika mji wa Santa Ana, California. Alikuwa mtu wa elimu katika chama hicho, na alikuwa ameona kwamba vijana wengi wana akili lakini hawawezi kuendesha mkutano wala kutoa maoni. Akaanzisha kikundi ambamo kila mtu hupokezana: leo unasema, kesho unasikiliza na kutoa maoni, kesho kutwa unaongoza kikao. Hakukuwa na mwalimu, wanachama walifundishana. Kikundi hicho kiliitwa Toastmasters, na leo vikundi vya jina hilo vimeenea katika nchi nyingi, hata hapa Afrika Mashariki.

Lakini kwa muda mrefu vilikuwa vya wanaume tu. Wanawake walianzisha vyao mwaka 1938 huko San Francisco. Mwaka 1970 mama mmoja, Helen Blanchard, alitaka kujiunga na Toastmasters, na ili apokelewe, jina lake liliandikwa kama la mwanamume: “Homer”. Mlango ulifunguliwa rasmi kwa wanawake mwaka 1973. Mwaka 1985 mama huyo huyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama hicho duniani. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu aliitafsiri, watamkumbuka Portia, aliyelazimika kuvaa nguo za kiume ili aweze kusema mahakamani. Sisi leo hatuhitaji kuvaa suruali wala kubadili jina. Tunahitaji mazoezi tu.

SIKU YA WAGENI NI NINI?

Kikundi cha kujifunza kusema hukutana kwa kawaida mara moja kwa wiki au mara mbili kwa mwezi. Siku ya Wageni ni kikao kimoja ambacho milango hufunguliwa. Wageni huja, huona kikao cha kawaida kinavyoendeshwa, huonja wenyewe wakipenda, kisha hualikwa kujiunga.

Kwa nini tujisumbue? Sababu ya kwanza ni kwamba kikundi hupungua. Mmoja anahamia Bunda, mwingine anajifungua, wa tatu anaanza biashara ya dagaa na hapati tena nafasi. Wakibaki watano, kila mmoja amekwisha kuzizoea hotuba za mwenzake. Sababu ya pili ni kwamba kusema mbele ya marafiki ni tofauti na kusema mbele ya wageni. Siku hiyo ni mtihani mzuri kwa wanachama. Sababu ya tatu ni kuondoa uvumi. Kikundi cha wanawake kinachokutana milango imefungwa huzushiwa mengi. Baba Fulani akiona kwa macho yake kwamba mkewe anajifunza kupanga maneno na kutunza muda, shaka itamtoka.

WIKI SITA KABLA

Msianze kwa kupika. Anzeni kwa kukubaliana mambo matatu: tarehe, mahali, na nani anafanya nini.

Tarehe. Epukeni siku ya gulio, siku ya kliniki ya watoto, na majira ambayo kila mtu yuko shambani kwa kupanda au kupalilia. Hapa kwetu tunaepuka pia siku zinazokaribia tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, kwa kuwa Butiama hujaa wageni na akina mama wengi wana kazi ya mapokezi. Alasiri ya Jumamosi au Jumapili hufaa wengi. Anzeni saa 9 na kumaliza kabla ya saa 11, ili mama afike nyumbani na kuinjika ugali kabla ya giza.

Mahali. Chagueni mahali ambapo hata asiye wa kanisa lenu atajisikia huru kuingia: darasa la shule ya msingi, ofisi ya kijiji, au chini ya mti wenye kivuli kizuri. Kama ni darasani, hakikisheni madawati si ya watoto wadogo mno. Bibi mwenye miguu inayouma atakaa wapi? Mwarifuni mapema mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Ni heshima, tena huzuia maswali baadaye.

Kazi. Gawaneni kazi kwa majina, na msimwachie mtu mmoja zote. Awepo wa kupokea wageni mlangoni, wa viti, wa chai, wa watoto, wa kuandika majina, na kiongozi wa kikao. Wa watoto asisahauliwe kamwe. Tandikeni mkeka pembeni, wekeni vitu vya kuchezea, na mwanachama mmoja akae hapo. Wenye watoto wachanga wapewe viti karibu na mlango, ili waweze kunyonyesha na kutoka kidogo bila kuona haya.

Wiki tatu kabla, chagueni wasemaji wawili wa siku hiyo. Mmoja awe mzoefu. Mwingine awe mwanachama aliyejiunga karibuni, ambaye bado mikono inamtetemeka kidogo. Mgeni akimsikia mzoefu tu atasema, “Huyo ana kipaji, mimi siwezi.” Akimwona mwenzake wa jana anajitahidi na kumaliza, atasema moyoni, “Kumbe hata mimi.”

JINSI YA KUALIKA

Tangazo kanisani ni zuri, na ujumbe wa simu unasaidia, lakini mtu huja kwa sababu mtu amemwendea. Kila mwanachama aandike majina ya watu watatu atakaowaalika mwenyewe kwa mdomo. Wanachama 12 wakifanya hivyo, walioalikwa ni 36. Wakija nusu yao, mna wageni 18, nao wanatosha kabisa.

Mwalikeni nani? Jirani anayenung'unika njiani baada ya kila mkutano, kwa maana huyo ana hoja tayari. Mjumbe wa baraza la ardhi au wa kamati ya shule ambaye hufika na kukaa kimya. Mhudumu wa afya wa kijiji. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na anayetafuta kazi, kwa sababu usaili wa kazi nao ni kusema mbele ya watu. Wala msiwasahau akina mama wakwe. Mkwe akipendezwa, binti naye atapewa ruhusa kila wiki bila maneno.

Na waume je? Tunashauri wakaribishwe siku hiyo. Mnapokwenda kumwalika mama, msalimieni na mwenye nyumba kwa heshima inayomstahili. Mwelezeni ni kitu gani, kitachukua muda gani, na kwamba yeye mwenyewe anakaribishwa kusikiliza. Neno moja la ukweli mlangoni huzuia ugomvi wa usiku mzima.

Jambo la lugha nalo ni muhimu. Katika mkoa wetu wa Mara wapo Wazanaki, Wakurya, Wajita, Waikizu, Waluo na wengine wengi. Si kila bibi anajisikia huru katika Kiswahili. Tangazeni tangu mwanzo kwamba mgeni anaweza kusema kwa lugha yake, na mwanachama mmoja atatafsiri. Tunajifunza ujasiri na mpangilio wa mawazo, na vitu hivyo viwili vinafaa katika lugha yoyote.

RATIBA YA SIKU YENYEWE

Kikao kizuri huchukua saa moja na nusu. Mfano wa ratiba ni huu:

Saa 9.00: Kupokea wageni, kuandika majina, kuwaketisha. Kila mgeni akae karibu na mwanachama mmoja wa kumweleza mambo kwa sauti ya chini.

Saa 9.15: Sala fupi na maneno ya karibu.

Saa 9.20: Kiongozi anaeleza kikundi kinafanya nini. Dakika 5 tu.

Saa 9.25: Hotuba mbili zilizoandaliwa. Kila moja dakika 5 hadi 7.

Saa 9.40: Maswali ya papo kwa papo.

Saa 10.00: Maoni ya watathmini juu ya zile hotuba mbili.

Saa 10.10: Taarifa ya mtunza saa na ya msikilizaji wa maneno.

Saa 10.15: Mwanachama mmoja anaeleza kikundi kimemsaidia nini.

Saa 10.20: Maswali ya wageni na mwaliko wa kujiunga.

Saa 10.30: Chai.

Tueleze kidogo juu ya kazi ambazo huenda ni ngeni kwa wasomaji.

Mtunza saa huwa na saa au simu na vitambaa vitatu: kijani, njano na chekundu. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, anainua kijani dakika ya 5, njano dakika ya 6, na chekundu dakika ya 7. Msemaji akiona chekundu anafunga maneno yake. Wageni hufurahia sana jambo hili, kwa kuwa wote tumekwisha kukaa katika mikutano ambayo msemaji mmoja alikula muda wa watu wote.

Msikilizaji wa maneno huhesabu vikwazo: “eee”, “yaani”, “nanii”, “kwa hiyo kwa hiyo”. Katika vikundi vingine hugongwa kengele, lakini kwa wanaoanza kengele inatia hofu. Afadhali adondoshe punje ya haragwe katika bakuli kimya kimya, kisha mwishoni ataje hesabu kwa upole.

Mtathmini ndiye moyo wa kikundi. Kazi yake ni kumsaidia msemaji akue. Husema kwa dakika 2 au 3, na mpango wake ni rahisi: ataje jambo moja au mawili yaliyofanywa vizuri, kisha jambo moja la kurekebisha na njia ya kulirekebisha, kisha amtie moyo. Aseme, “Sauti yako ilisikika hadi nyuma, wakati ujao tazama na upande wa kushoto pia.” Asiseme kamwe, “Ulikosea sana.” Siku ya Wageni mchagueni mtathmini mwenye kinywa cha upole kuliko wote, kwa maana wageni wanajiuliza jambo moja tu: nikijiunga, nitaaibishwa?

Maswali ya papo kwa papo hupendwa kuliko yote. Kiongozi anauliza swali, anamtaja mtu, naye anajibu kwa dakika 1 hadi 2. Maswali yawe ya maisha yetu: Bomba la maji limeharibika wiki ya tatu sasa, mweleze mwenyekiti. Kikundi kimepata shilingi 50,000, tuzifanyie nini? Mtoto wako hataki kwenda shule, mwambie neno. Mtoto ana homa tangu juzi, mweleze mganga yote anayohitaji kujua. Wanachama watatu watangulie. Kisha kiongozi aulize kama kuna mgeni anayependa kujaribu. Mgeni asilazimishwe kwa njia yoyote. Aliyelazimishwa hatarudi.

HOFU NI KITU CHA MWILI PIA

Akina mama wengi hutuuliza: kwa nini moyo unapiga mbio na mdomo unakauka tunaposimama? Wengine hudhani ni ugonjwa, au ni dalili kwamba Mungu hakuwapa kipaji hicho. Sivyo. Mwili unapohisi hatari hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, mikono hutoka jasho, mate hupungua, na magoti hutetemeka. Ndivyo mwili unavyojiandaa kukimbia au kupambana. Macho ya watu arobaini huuamsha mwili kama vile simba angeuamsha.

Kuna mambo machache yanayosaidia. Kula kidogo kabla ya kwenda. Tumbo tupu huongeza kutetemeka. Kunywa maji ya vuguvugu. Kabla ya kusimama, vuta pumzi polepole kupitia puani huku ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole zaidi, ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano. Ukisimama, weka miguu yote miwili imara chini, tafuta uso mmoja wenye huruma, na sema sentensi ya kwanza ambayo umeikariri. Baada ya dakika moja au mbili wengi huona moyo unaanza kutulia. Hofu haiishi siku moja, lakini hupungua kila unaposimama tena. Lakini mtu ambaye moyo humwenda mbio hata akiwa amepumzika, au anayepata maumivu ya kifua au kuzimia, aende hospitali akapimwe.

Na kwa yule asemaye kwamba ulimi wake ni mzito, akumbuke kwamba Musa alisema hivyo hivyo. Hakuachiliwa kazi. Alipewa ndugu wa kumsaidia, na kikundi chetu ndicho ndugu huyo.

CHAI NA GHARAMA

Siku ya Wageni isigeuzwe kuwa harusi. Gharama ikiwa kubwa, mwaka ujao hakuna atakayependa kuirudia. Kwa watu 40, chai lita 12 zinatosha, kikombe kimoja kila mtu. Kila mwanachama akileta kitu kidogo kutoka nyumbani, viazi vitamu vya kuchemsha, maandazi, karanga au ndizi, meza itajaa. Tunashauri sukari iwekwe kando ili kila mtu ajitilie, kwa kuwa wapo wenye kisukari ambao huona haya kusema. Wekeni maji ya kunywa yaliyochemshwa, na maji ya kunawa mikono na sabuni mlangoni. Msikodi vipaza sauti. Moja ya mambo tunayojifunza ni kutoa sauti ifike nyuma bila mashine.

WAGENI WAKISHAONDOKA

Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza mavuno. Siku imekwenda vizuri, watu wamecheka, chai imenyweka, kisha hakuna aliyewafuata wageni. Ndani ya siku tatu, kila mwanachama amtembelee au ampigie simu mgeni wake. Aulize, “Ulionaje? Ni nini kilikupendeza? Ni nini kilikutia shaka?” Amwambie tarehe ya kikao kinachofuata na ajitolee kwenda naye. Mgeni anayekuja mara ya pili mara nyingi hubaki.

Wanachama nao wakae wajitathmini. Wageni walikuja wangapi? Waliojaribu kusema walikuwa wangapi? Muda ulitunzwa? Watoto waliangaliwa vizuri? Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi, ili watakaoandaa mwaka ujao wasianze upya.

Zaidi ya yote, msipime siku hiyo kwa idadi ya waliojiandikisha peke yake. Tazameni mkutano ujao wa kijiji. Tazameni foleni ya zahanati, na kikao cha wazazi shuleni. Akisimama mama mmoja ambaye zamani alikuwa akikaa kimya, akataja jina lake, akaeleza shauri lake kwa dakika mbili, akaomba analoomba, akaketi, jueni kwamba kazi yenu imezaa. Na mama mwenzake aliyeketi pembeni amemwona.

Basi akina mama, msingoje mpaka muwe wengi. Wawili watatu wanatosha kuanza: mmoja aseme, mmoja atunze saa, mmoja atoe maoni. Chagueni siku mwezi huu mkaanze. Na mkiisha kuzoeana, fungueni mlango, wekeni chai motoni, muwaite majirani waje wasikie.